Mashine ya kuchuja chumvi au maji ya boza, nyanya ekari moja?

Mkulima_Kilifi: Salamu wakuu. Kisima changu kimetoa maji ya chumvi, na boza linanimaliza mfukoni. Kuna muuzaji ana mashine ya kuchuja chumvi, anataka arbuni Jumatatu. Nataka kupanda nyanya na hoho. Inalipa kweli?

FundiPampu: Ndugu, shamba ukubwa gani? EC ya maji (kipimo cha chumvi) ngapi? Stima au sola? Bila hayo tutapiga ramli. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Kuchuja kyubiki moja (lita 1,000) hula yuniti 3 hadi 4 za stima. Ya kisima yaweza kula yuniti moja tu.

Mkulima_Kilifi: Niwie radhi. Ekari moja, EC 5, stima.

Hesabu_Kwanza: Nyanya msimu mmoja hunywa maji ya kina cha kama milimita 500. Kwa ekari ni kyubiki 2,000, basi yuniti 2,000, kabla ya gharama ya mashine na filta. Lakini usichuje yote! Nyanya huvumilia maji ya EC 1.7 hivi. Changanya ndoo 3 za kisima na 7 za mashine, karibu theluthi ya kazi imeondoka.

MamaHoho: Mwanangu, usilipe arbuni kabla maji hayajapimwa, na si chumvi peke yake. Mimi niliambiwa filta ni za miaka. Mwezi wa nane wa kuitumia mashine yangu, maji yakawa yanatoka kama uzi. Tulipoifungua, ndani tope jekundu, la kuteleza, linanuka kutu. Kisima kilikuwa na chuma na hakuna aliyeniuliza. Muuzaji simu hashiki. Kibaya zaidi, yale maji makali ya chumvi yanayobaki tuliyaelekeza mtaroni, yakaingia kwa jirani. Migomba yake ikaungua majani kuanzia kingoni. Nililipa migomba, na ujirani haujarudi kama zamani.

FundiPampu: Pole sana mama. Hayo maji makali ni kama robo ya unachovuta, na yanataka mahali pake.

Bin_Batinah: Niko Oman. Pwani ya Batinah watu walivuta visima kupita kiasi, bahari ikaingia chini kwa chini. Kisima chako kisije kikapanda EC kila mwaka, mashine ikashindwa. Panda minazi.

Hesabu_Kwanza: Mnazi utamlipia karo lini? Na maji yaliyochujwa sana nayo yana njaa. Ashkelon, Israeli, kiwanda kilipoanza 2005 maji yalikosa magnesiamu, mazao yakaumia. Na boroni, ambayo ikizidi hudhuru mimea, huweza kupenya filta. Ndiyo maana nasema changanya.

Shela_Kwetu: Wazee wetu walijenga jabia, yaani birika kubwa la maji, wakakinga mvua ya masika. Mbona hamlitaji?

MamaHoho: Jabia la ekari moja ni kubwa kiasi gani lakini?

Shela_Kwetu: Lianze na hoho tu. Paa lako ni la bati au makuti?

Mkulima_Kilifi: Makuti. Kesho napeleka chupa ya maji yakapimwe chuma na boroni.