Mafuta yangu ya shea: Dar yanayeyuka, Njombe hayachoteki. Naombeni ushauri

MamaTausi_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mafuta ya kupaka nyumbani, nauzia majirani na wafanyakazi wenzangu, na makopo machache natuma mikoani kwa basi. Nachukua nusu siagi ya shea (ile ya Ghana, nanunua Kariakoo) na nusu mafuta ya nazi, halafu natia matone ya mafuta ya karafuu. Nayeyusha, naacha yapoe usiku kucha, asubuhi nachapa kwa mashine ya keki mpaka yanaumuka.

Yakitoka hapo yanapendeza. Shida inaanza kwa mteja. Wa hapa Dar ananipigia kwamba kopo lililokuwa limejaa sasa limefika nusu, juu mafuta ya maji tupu, anahisi nimempunja. Wa Njombe ananiambia hayachoteki, anachimba kwa kijiko. Kopo ni la siku moja, sufuria moja! Wengine wanakuta vichenga kama vya sembe. Na yale niliyoongeza marashi (maji ya waridi) na ute wa shubiri (aloe vera) yametoa vidoa vyeusi.

Nikosoeni bila huruma. Nawasilisha.

Mzee_wa_Vijiwe

Mtumie wa Njombe joto la Dar kidogo, mwezi Februari tunalo la ziada.

fundi_mizani

Dada, hayo matatizo yana vyanzo tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Dar na Njombe kwanza. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Dar huwa maji karibu mwaka mzima, Njombe mwezi wa sita au wa saba yanaganda kabisa. Kwa hiyo nusu ya kopo lako inafuata hali ya hewa ya mteja, wewe huna sauti. Punguza nazi au iondoe, weka mafuta yasiyoganda kirahisi: ubuyu, alizeti au parachichi. Ugumu utautafuta kwenye siagi ya kakao, inayoyeyuka nyuzi 34 hadi 38, na kwenye nta ya nyuki, ambayo inasubiri mpaka nyuzi 62 na kuendelea.

Kwa wateja wa Dar, katika gramu 100 anza hivi: shea 50, kakao 25, ubuyu 18, nta 6, vitamini E nusu gramu, karafuu nusu gramu. Kwa Njombe toa nta yote, punguza kakao iwe 15, uzito uliobaki uwe mafuta ya parachichi. Andika kwenye kopo "ya joto" na "ya baridi", basi. Na upime kwa mizani, achana na vijiko na vikombe.

Vichenga: shea ina mafuta ya aina kadhaa ndani yake, na kila aina inaganda kwa wakati wake. Ukiiacha ipoe taratibu usiku kucha, yale magumu yanatangulia kujikusanya, ndivyo vichenga vinavyozaliwa. Yeyusha upya, bakuli likiwa ndani ya sufuria la maji ya moto, hadi usione punje hata moja. Kisha toa, kalisha bakuli kwenye barafu, koroga bila kuacha mpaka yawe mazito, mimina kwenye makopo, ingiza kwenye friji. Makopo yenye vichenga hayajaharibika, yarudishe jikoni tu.

Kuhusu kuchapa, mimi kwa Dar nisingechapa kabisa. Unauza hewa, na hewa ikitoka mteja analia. Mimina yakiwa mazito, uuze kwa gramu.

Karafuu: "matone" mangapi? Ile ya Pemba ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ni kali, karibu yote ni eujenoli, kile kiini kikali cha karafuu, inachoma ngozi. Nusu gramu kwenye gramu 100 ndiyo mwisho, na usoni isiende. Mafuta ya limao yaliyokamuliwa kwenye ganda nayo uwe macho: mtu akipaka halafu akatembea juani anaweza kuungua.

Neema_asilia

Vile vidoa vyeusi ongeza vitamini E, mimi naweka kijiko kizima na sijaona tatizo.

fundi_mizani

Neema, hapana. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, haiui ukungu wala bakteria. Vidoa vyeusi ni ukungu, na ukungu unataka maji. Marashi ni maji, ute wa shubiri karibu wote ni maji. Ukitaka kuweka maji unahitaji kiunganishi cha maji na mafuta, pamoja na kihifadhi halisi kilichopimwa kwa kiwango cha mtengenezaji wake. Hapo umeshahama kwenye mafuta, umeingia kwenye losheni, na hiyo ni kazi nyingine. Yale yenye vidoa yatupwe, usikwangue juu ukauza ya chini. Waambie na wateja wasichote kwa vidole vyenye maji wakitoka kuoga.

Bint_Kisauni

Hapa kwetu Mombasa singo ya bibi harusi (dawa ya kumsugulia mwili) hukaa ikiwa kavu. Liwa (msandali), karafuu, asmini na kilangilangi vilivyokaushwa vinasagwa unga, marashi yanatiwa siku ile ile ya kusingwa, kiasi cha kutumika tu. Kwa nini usiuze hivyo? Mafuta kopo lake, unga wa singo mfuko wake, marashi mteja atie mwenyewe. Harusi za Rajabu na Shaabani hazitakuacha upumzike, shoga.

MTZ_Kampala

Nyongeza kwa wanaopata shea ya Uganda. Inatoka kaskazini, Acholi na Lango, wenyewe wanaiita moo yao. Ni laini kuliko ya Ghana, inaanza kulegea hata mkononi. Ukiitumia kwenye vipimo vya fundi vya Dar ongeza kakao au nta kidogo, la sivyo utarudi hapa na uzi mwingine.

Mjasiriamali_Moro

Ukianza kuweka dukani kumbuka TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 vipodozi viko chini yao, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wako kwanza, wamezoea watu wa mtaji mdogo.

MamaTausi_Tabata

Nawashukuru sana, nimejaribu kiasi kidogo cha gramu 100 cha Dar. Hakina vichenga, nimekiweka juu ya friji mchana kutwa hakijashuka. Dada wa Kisauni, wazo la singo nimelichukua.

Swali la mwisho: nta niliyopata ni ya Tabora, mbichi, ina mabawa ya nyuki na uchafu mweusi. Inafaa hivyo hivyo?

fundi_mizani

Isafishe. Katakata vipande, tia kwenye sufuria lenye maji, moto mdogo, usiondoke jikoni, na usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto mkali kwa sababu inawaka. Ikishayeyuka chuja kwa kitambaa cha pamba kwenye ndoo, iache igande juu ya maji. Uchafu utashikana chini ya ule mkate wa nta, ukwangue kwa kisu. Rudia kama bado ni chafu. Kabla ya kuitumia ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, maji yasibaki. Sufuria hilo lisirudi kwenye wali.

Mzee_wa_Vijiwe

Langu mke wangu alishaliharibu hivyo hivyo, sasa ni la nta milele.