Binti kajibu mtihani wa historia kwa mstari wa Biblia kapata sifuri, nisimame upande gani?

Mama J wa Tabata

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina kesi hapa nyumbani imenizidi kimo.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Juzi karudi na karatasi ya mtihani, kuna swali lilisema eleza hatua alizopitia binadamu wa kale mpaka kufikia binadamu wa sasa, maksi kumi. Mtoto kaandika mstari mmoja tu, Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, Mwanzo 1:27, nafasi yote iliyobaki kaiacha wazi. Ticha kapiga sifuri kubwa kama chapati na pembeni kwa wino mwekundu HILI SIO SOMO LA DINI.

Sio kwamba hakusoma, daftari nimelifungua limejaa, kachora mpaka lile fuvu na meno yake. Nilivyombana ndo akasema mwalimu wao wa sande skuli aliwaambia atakayejibu mtihani kwamba mtu katokana na nyani atakuwa amemkana Kristo mbele za watu, kwa hiyo akaona bora sifuri. Na tangu juzi analia, sijui anaililia sifuri au anamlilia Kristo.

Baba yake anataka Jumatatu aende shule akakiwashe. Mimi ni mama ntilie, shule niliishia kidato cha pili sina cha kubishana na mtu. Kanisa ndo limenilea, na shule ndo nategemea imtoe huyu mtoto kwenye moshi wa kuni. Nimwambie nini? Naomba tusitukanane.

Kiroboto2

Aandike yote mawili nusu kwa nusu, hata tano hakosi 😂😂

Ticha wa Mbagala

Mama J pole. Mimi nafundisha somo hilo hilo na kila mwaka simkosi mmoja wa hivi, kuna mwaka alikuwa kijana wa madrasa akanijibu kwa aya, kwa hiyo usidhani ni kanisa lenu peke yake. Mwenzangu sifuri alikuwa na haki ya kuitoa ila ule wino mwekundu sijaupenda, mtoto wa miaka kumi na tatu unamwandikia hivyo ili iweje. Mimi huwa namwita pembeni namwambia swali halijakuuliza wewe unaamini nini, limekuuliza wachimba mifupa wamesema nini. Mbona ukiulizwa mila za Wamasai unazieleza na hujawa Mmasai? Aanze na "kwa mujibu wa wanasayansi" halafu amwage alichonacho kwenye daftari.

Hilo la nyani nalo wanalikosea wote, hadi sisi maticha. Hakuna mtaalamu anayesema tumbili wa Pugu wakikaa sana watazaa mtu. Wanachosema ni kwamba sisi na sokwe tulichangia babu mamilioni ya miaka huko nyuma, yani yule sokwe wa Gombe ni mtoto wa mjomba, sio baba.

Na fuvu alilochora binti yako ni la kwetu kabisa. Mchimba mifupa Mary Leakey aliliona Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis siku hiyo anaumwa kalala kambini. Huyo Louis wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kianglikana, kazaliwa misheni Kabete hapo Kenya 1903, kwa hiyo anayesema hawa walikuja kupiga vita dini aanzie hapo. Walivyopima majivu ya volkano yaliyokuwa na lile fuvu wakapata kama miaka milioni 1.75. Sasa utamu wenyewe uko hapa, Louis mwanzoni alitangaza kwamba huyu mwenye fuvu, waliyempa jina Zinjanthropus, ndo aliyechonga zile zana za mawe, ndo babu yetu. Haikupita miaka mingi bonde lile lile likatoa mifupa ya mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, 1964 wakampa jina Homo habilis, na Zinji wetu akashushwa cheo akawa ndugu wa pembeni ambaye ukoo wake ulikatika. Na mmoja wa waliosaini kumpa huyo mwingine nafasi alikuwa Louis mwenyewe!

Fuvu wanalitunza Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Mpeleke.

Mzee wa Kigoda

Ticha umeongea vizuri ila umejifunga goli. Leo ni babu, kesho sio babu, sasa mtoto ashike lipi? Neno tangu tunazaliwa halijabadilika nukta. Mimi nasimama na mwalimu wa sande skuli, mtoto ukishamfundisha kutilia shaka kimoja atatilia shaka vyote mpaka na baba yake.

Bamvua

Mzee wa Kigoda shikamoo. Mimi naona huko kugeuka ndo uzuri wake, ngoja nikupe kesi ya Galileo, yule Mtaliano mtazama nyota, maana kila mtu anaitaja lakini tunaisimulia kama muvi, mapadri wabaya kule stelingi huku.

1610 jamaa katoa kitabu kwamba kwa darubini yake kaona vimwezi vinne vinaizunguka Mshitarii. Mimi mwenyewe nimeviona, usiku mmoja umeme umekatika mtaa mzima Kinondoni nikapanda kwenye paa na darubini ya mkono ya kuazima, nikaiegemeza kwenye nguzo ya kamba ya nguo maana mkono unatetemeka, nikaona vinukta vimejipanga mstari kama karabai za wavuvi wa dagaa ukiwa ufukweni. Kesho yake nikarudi, vimehama. Sasa wakati ule wanafundisha kila kitu kinaizunguka dunia, halafu anakuja mtu anakuonesha vinne visivyoizunguka, unaona joto lake.

1616 Roma wakamwonya asishikilie kwamba dunia inazunguka jua. Baadae rafiki yake mmoja kardinali, Barberini, akawa Papa Urban VIII, jamaa akapata moyo, 1632 katoa kitabu cha mabishano ya watu watatu. Na kile alichokipenda Papa mwenyewe, kwamba Mungu anaweza kuleta jambo kwa njia ambazo binadamu hazijui, akakiweka mdomoni mwa yule mhusika anayeshindwa kila hoja, anaitwa Simplicio! Yani maneno ya bosi wako unampa mchekeshaji ayaseme. 22 Juni 1633 akapigishwa magoti akakana, akafungiwa nyumbani mpaka anakufa 1642. Kwa hiyo humo ndani kuna dini, kuna sayansi, na kuna urafiki uliovunjika pia.

Lakini kinachonichekesha mimi ni hiki hapa. Ushahidi aliokuwa anauringia kwenye kile kitabu ulikuwa ni maji ya bahari kujaa na kupwa. Alisema bahari inachezacheza kwa sababu dunia inazunguka, kama maji ndani ya chombo kinachotembea, na Kepler, mtaalamu wa nyota aliyesema mwezi ndo unavuta maji, Galileo akamshangaa eti mtu mwenye akili zake anaamini nguvu za kichawi. Mzee wangu, marehemu baba alikuwa mvuvi Msasani hakumaliza hata la nne, lakini alijua bamvua, yale maji makubwa, ni mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu hupati hata changu wa kitoweo. Halafu kwa hesabu ya Galileo maji yalitakiwa yajae mara moja kwa siku. Nenda pale Feri kakae kutwa uhesabu, ni mara mbili.

Kwa hiyo dunia kuzunguka kweli inazunguka ila ushahidi aliouleta ulikuwa mbovu. Ushahidi wenyewe, ule wa kuona nyota imesogea kidogo kwa sababu sisi tumehama upande wa pili wa jua, ulikuja kupimwa 1838 na Mjerumani mmoja Bessel. Wale wakubwa wa Roma wangetaka kumshinda walikuwa na njia rahisi, watoke nje wahesabu maji. Kumpigisha mzee wa miaka 69 magoti hakukumrekebishia hesabu za bahari wala hakukuisimamisha dunia. Papa Yohane Paulo II alikuja kukiri hadharani 1992 kwamba walimkosea.

Abuu wa Magomeni

Naona mnawasakama Wakatoliki tu na sie tunayo yetu. Istanbul pale mtaalamu wa nyota Taqi al-Din alijengewa kituo cha kuangalia nyota 1577, Sultan Murad wa tatu ndo katoa hela, vyombo vya maana kabisa. 1580 kikabomolewa kwa neno la shekhe mkuu. Miaka mitatu! Na hawa ni watu waliorithi elimu ya wanasayansi wa Kiislamu wa kale akina Ibn al-Haytham na al-Biruni.

Na haiko mbali hivyo. Nyumbani kwetu kila Ramadhani kaka anafunga na Saudia, mama anasubiri tangazo la Mufti, kuna Idi pilau limepikwa siku mbili mfululizo (sisi watoto hatukulalamika). Ukimwambia mtu mwezi wa leo jua likizama utakuwa na umri wa masaa manne, hakuna jicho la kuuona, anakujibu hesabu haziingii kwenye dini. Sawa, na ile ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani msikitini imetoka wapi? Alfajiri na dakika zake, magharibi na dakika zake, mwaka mzima, ile ni hesabu ya jua tupu. Sijaona mtu katoka na fimbo kupima kivuli cha alasiri siku hizi.

Ila mashekhe wana hoja yao, hadithi imesema fungeni kwa kuuona, na kuuona kwao ni kwa jicho. Na mimi kusema ukweli ule usiku wa kusubiri tangazo, redio imewashwa, nyama haijulikani ichemshwe au irudi kwenye friji, naupenda siutaki uishe. Lakini shekhe akiniambia mwezi umeonekana wakati ulishazama kabla ya jua, hapo hapana.

Mzee wa Kigoda

Bamvua marahaba. Hilo la Simplicio sikulijua, huyo naye alitafuta. Nyani bado sijakubali.

Kiroboto2

Bamvua changu bei gani leo Feri

Mama J wa Tabata

Asanteni jamani nimesoma yote na mengine nimemsomea baba yake, shule haendi tena. Nimeongea na binti leo tunachambua mchele, nikampa ile ya Wamasai ya Ticha, akakaa kimya akaniuliza kwa hiyo mama nikisema "kwa mujibu wa" sio dhambi? Nikamwambia hata mimi nauza wali nyama kwa mujibu wa wateja, mwenyewe napenda dagaa. Akacheka kidogo, cha kwanza tangu Jumatano.

Mwalimu wa sande skuli nimempigia, ni kijana tu mzuri hana ubaya. Kaniambia hajawahi kuliona hilo fuvu ila anajua ni uongo. Nimemwambia Jumamosi tunaenda, twende wote, nauli yake nitatoa mimi. Kasema ataangalia. Ticha, pale wanafungua saa ngapi na mtoto abebe nini?

Ticha wa Mbagala

Nendeni asubuhi kabla ya jua kali. Binti abebe kitambulisho cha shule. Na lile daftari alilochora, alinganishe meno.