Naomba ushauri: nyumba ya mbao Kigamboni, mchwa nitawadhibitije?

Wakuu habari zenu. Nina kiwanja Kigamboni, nataka vyumba viwili na sebule, kuta za mbao juu ya msingi wa mawe. Ndugu zangu wananicheka, eti najenga banda. Wacheke tu.

Kilichonivuta ni mazingira. Mawe ya chokaa yakichomwa kutengeneza saruji hutoa hewa ya ukaa yenyewe, mbali na ile ya moto wa tanuri. Mti unaivuta hewa hiyo ukikua, na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, inayokaa humo ukutani mpaka mbao ioze au iungue. Ndiyo maana nataka paini ya kupandwa ya Sao Hill kule Mufindi, siyo mninga wa msitu wa asili.

Sasa ikioza mapema nimefanya nini? Muuzaji mmoja kanionyesha mbao za kijani, anaapa zimeiva dawa. Nikakwangua kwa kisu: ukijani juu juu, ndani nyeupe pee.

Mliojenga karibu na bahari, dawa iliyoingia kweli mnaitambuaje kabla ya kulipa? Na misumari ya kawaida itahimili chumvi, au nitafute ya zinki? Fundi wangu anasema yote sawa, simwamini sana.