Mawakala wa safari za Mafia mlioko Dar: kisiwa hamkijui, bei hamtaji, dola mnazitaka

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa kwenda Zanzibar, maana kuchanganyiwa na Zanzibar ni nusu ya hasira niliyonayo.

Napanga kuipeleka familia Mafia Desemba hii, shule zikifungwa. Mimi, mke wangu, watoto, na shemeji yangu anayetoka Mwanza, ambaye bahari amezoea kuiona kwenye simu. Hatuendi mwezini. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkoa uleule wa Mkuranga na Kibaha tunakokimbilia viwanja. Kindege kutoka hapa Dar kinatumia kama nusu saa. Jioni nusu saa haikutoi Kariakoo mpaka Mbagala.

Sasa jaribu kuuliza bei.

Tangazo liko mtandaoni, picha ya mchanga mweupe, picha ya mzungu kwenye bembea, "Karibu Mafia, bei poa". Unauliza chini ya picha: bei poa ni shilingi ngapi? "Njoo inboksi kaka." Unakwenda inboksi. "Mko wangapi? Mnatoka wapi? Bajeti yenu ikoje?" Hivi nikiingia dukani kununua sukari, muuzaji anaanza kwa kuniuliza nina shilingi ngapi mfukoni? Ukikataa kutaja bajeti unaambiwa "bei inategemea, bosi". Inategemea nini, hasemi. Mke wangu aliuliza tangazo lilelile kwa namba yake, akapewa bei tofauti na yangu, siku ileile.

Halafu bei yenyewe ikija, ni dola. Kwa kila kichwa, mtoto nusu, na chini kwa maandishi madogo "nauli ya ndege haimo". Mimi ni Mtanzania, nalipwa shilingi, namlipa Mtanzania mwenzangu mwenye ofisi hapahapa Dar, kitanda kiko Tanzania, samaki kavuliwa Tanzania. Dola zinaingiaje hapo? Na si suala la uzalendo tu. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilitoka Machi 2025 na zinakataza kutangaza au kudai bei ya huduma za ndani kwa pesa za nje. Nilimkumbusha mmoja. Akanijibu, "Sawa bosi, nakubadilishia," akaniletea shilingi kwa kiwango alichojua yeye na Mungu wake, juu ya kile cha benki yoyote niliyoiangalia siku ile.

Haya, pesa tuiweke pembeni. Kinachonichoma zaidi ni kwamba wanaotuuzia hivi visiwa hawavijui.

Wakala wa kwanza aliniambia boti za Mafia zinaondoka Posta, palepale pa boti za Zanzibar, niwahi saa moja asubuhi. Jamani! Anayekwenda Mafia kwa maji anapandia gari Mbagala Rangi Tatu, anashika barabara ya Kilwa, anakata kushoto Bungu mpaka Nyamisati, huko kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Hapo ndipo kuna kivuko na boti, unashukia Kilindoni, mji wa Mafia. Hili hata kondakta wa Rangi Tatu analijua. Ningemsikiliza yule bwana, familia nzima ingekuwa Posta na mabegi, shemeji ananitazama. Nilipombana akasema, "Basi kaka, kwa nini msiende tu Zanzibar? Ni vilevile." Si vilevile! Zanzibar tumekwenda na tutakwenda tena, lakini safari hii nataka pasipo na mtu wa kunifuata ufukweni na miwani ya jua.

Wa pili alikuwa mtaalamu wa papa potwe, wale papa wakubwa wapole wasiodhuru watu. Kwanza alinishauri niahirishe mpaka Juni, eti Desemba bei ziko juu. Nikamuuliza, na potwe je? "Wapo mwaka mzima, kaka." Huu ndio uongo ninaouchukia kuliko wote, ule wenye ukweli ndani yake. Ni kweli watafiti waliowafunga vifaa wamekuta wengi hawahami mbali na Mafia. Ila kuwepo ni kitu kimoja na kuonekana ni kingine. Kuanzia Oktoba hivi mpaka Februari au Machi wanakuja karibu na pwani ya Kilindoni kufuata uduvi, wanakula juu juu ya maji, unavaa miwani yako unaogelea naye pembeni. Msimu ukiisha wanakwenda mbali na kina kirefu, na Juni tena kusi linavuma, bahari imechafuka. Unalipia boti, unalowa, unatapika, unarudi. Wakala anasema, "Si nilikwambia wapo?" Wapo, ndiyo. Chini huko.

Wa tatu ndiye aliyekula hela, na yeye ndiye alionekana ana nafuu. Alinitumia ratiba nzuri ya rangi: kila siku saa tatu asubuhi boti, siku ya kwanza kisiwa kidogo cha Chole, ya pili kisiwa jirani cha Juani, ya tatu fungu la mchanga. Ukiisoma haraka unasema huyu kajipanga. Lakini yeyote aliyekulia pwani anajua maji hayamsubiri mtu saa tatu. Kila siku yanasogea karibu saa nzima, na Ghuba ya Chole yakipwa yanapwa kweli, hasa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mchanga unatokea pale ulipotegemea kuelea. Mtu wa Utende, kijiji cha kwenye ghuba hiyo, anakupangia safari kwa kuangalia mwezi. Huyu alinipangia kwa saa ya ukutani, ofisini.

Na kwenye hesabu zake kulikuwa na kiingilio cha hifadhi kwa kila usiku, watu wote, watoto wote. Nikamuuliza tunalala wapi. Kilindoni. Bwana, Kilindoni iko nje ya Hifadhi ya Bahari! Hifadhi ile, iliyoanzishwa 1995, inashika upande wa kusini na mashariki, na ukielekea Utende utalikuta lango lake. Siku nikienda Chole nitalipa bila kununa, tena kwa kiwango cha mwananchi. Usiku wa kulala gesti ya mjini unanilipisha kiingilio cha nani?

Akasema atarekebisha, nitume kwanza kishika nafasi maana Desemba vyumba vinaisha. Nikatuma. Hesabu iliyorekebishwa haikuja. Nikaomba jina la gesti ili nipige mwenyewe kuthibitisha, akasema "ni siri ya kampuni". Siri! Nikadai hela yangu, tiki mbili za bluu, kimya. Lakini kwenye status yake kila asubuhi yupo, anauza bembea. Jina simtaji hapa, tumeshafikishana panapohusika.

Kuna watu watakuja kusema Mafia ni ya wazungu wa kuzamia, wabongo tukanywe Kigamboni. Acheni hizo. Juani kuna magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliobomoka, watoto wangu hawajawahi kuusikia shuleni. Chole kuna popo wakubwa wanaoning'inia mchana kweupe, na magofu ya enzi za Mjerumani yamemezwa na mizizi. Watu wake wanaongea lugha yetu, wanakula wali na pweza kama sisi. Kwa nini Mtanzania mwenye watoto afichwe bei ya kwenda kuyaona hayo, halafu kila sikukuu tuhubiriwe utalii wa ndani?

Sasa naomba wenye kujua kweli. Mtu wa Kilindoni au Utende uliyemo humu, gesti safi ya familia, yenye neti na maji, inakwenda shilingi ngapi Desemba? Andika hapahapa, hadharani. Nyamisati kwa sasa inaondoka saa ngapi, na mwenye watoto wadogo unamshauri kivuko au boti? Na nahodha wa kwenda kwa potwe anatoza kwa chombo au kwa kichwa?

Mawakala, inboksi yangu nimeifunga. Mwenye bei aiweke hapa chini, kwa shilingi.