Mama anayeokota makopo mtaani kwetu kapigwa marufuku, nifanyeje?

MamaWawili
Habari za leo wakuu, naombeni ushauri maana hili limenikaa rohoni. Mtaani kwetu hapa Dar kuna mama mtu mzima huwa anapita alfajiri kabla gari la taka halijaja, anapekua viroba anatoa makopo ya maji, ndoo zilizopasuka, maboksi, anaweka kwenye salfeti lake anaondoka zake. Haongei sana ila ukimwamkia anaitikia vizuri kabisa. Sasa wiki iliyopita kwenye kikao wakasema waokota makopo wote marufuku, eti ni vibaka na mateja na wanatawanya taka. Kweli kuna siku viroba vinaachwa vimechanwa, hilo silikatai, kuku na mbwa wakimalizia hapo ni aibu tupu. Ila juzi nimemkuta kakaa barazani kwa jirani anajifunga kidole na kitambaa, damu inatoka, kakatwa na kioo ndani ya kiroba, na kuangalia vizuri kile kiroba ni changu mimi, glasi iliyovunjika jumapili nikaitupia humohumo na maganda ya ndizi. Niliumia jamani. Nifanyeje aendelee kupata riziki yake na mtaa usichafuke? Halafu hayo makopo huwa yanaishia wapi?

MzeeWaMzani
Pole dada, na umefanya vizuri kuuliza. Mimi nanunua makopo na skrepa, mwaka wa tisa huu nipo kwenye mzani, nikwambie ilivyo. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu 10 mpaka 20 hivi, kwa hiyo ili huyo mama apate kilo moja tu lazima aokote chupa kama 50 mpaka 100. Kilo moja! Ndio maana ukimuona na salfeti limejaa mpaka linamfunika kichwa usidhani kabeba hela, kabeba upepo. Akifika kwangu naangalia, iliyokuwa na mafuta ya kula naitoa, yenye mchanga naitoa, za rangi zinakaa peke yake. Mimi nauza yadi kubwa, kule wanasaga vipande vidogo wanaosha, kwenye maji chupa inazama kofia inaelea maana ni plastiki mbili tofauti, ndivyo wanavyozitenganisha. Vile vipande vinatengenezwa nyuzi, za kujazia mito na mablanketi. Na bei hatupangi sisi, mafuta ghafi yakishuka dunia nzima plastiki mpya inakuwa rahisi, viwanda vinaikimbilia, sisi huku chini tunaambiwa tu kuanzia kesho bei imeshuka, na wa kwanza kuumia ni huyo wa alfajiri.

Kibarazani
Mimi nitasema ukweli hata mkinichukia, naunga mkono kikao. Nimeibiwa sufuria mbili na bomba la chuma la tangi, na aliyeonekana ana salfeti mgongoni. Mtu akipita saa kumi usiku getini kwangu nitajuaje ni muokota makopo au mwizi? Sina ubaya na huyo mama.

MzeeWaMzani
Hoja yako ina uzito ndugu yangu na mimi bomba lenye dalili ya kung'olewa sinunui. Ila anayepita gizani anapita kwa sababu mchana anafukuzwa, na gari la taka likimtangulia hana kitu siku hiyo. Mkimpa saa inayojulikana atakuja na jua.

Mtu wa Kayole
Salamu kutoka Nairobi. Hapa kwetu wanaitwa chokora, neno baya sana kumwambia mtu anayejitafutia. Mimi nimekua karibu na Dandora, hilo jaa lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na mpaka leo malori bado yanaingia na watu bado wanachambua moshi ukiwapiga usoni. Sheria ya taka ya 2022 inataka kila nyumba itenganishe taka zinazooza na zisizooza, lakini kwa ploti yetu bado kila kitu kinaingia gunia moja, pampasi, ugali, chupa, vyote. Ukishachanganya hivyo hata karatasi nzuri inaloa na haina mnunuzi tena. Kwa hivyo dada anza na hilo, magunia mawili tu, utakuwa umemsaidia kuliko kumpa mia mbili.

Msafiri_TZ
Naongezea kidogo. Cairo walishafanya kama kikao chenu, 2003 jiji likaleta kampuni za nje zizoe taka, wakati kuna wazoaji wa jadi wanaitwa Zabbaleen waliokuwa wanapanda ngazi mpaka mlangoni kwa mtu na karibu asilimia 80 ya walichokusanya kilirudi kutumika. Kampuni zikaweka mapipa barabarani, watu wakachukia kushuka na ndoo, taka zikazagaa. Sasa Pune kule India waokotaji waliunda chama chao 1993, baadaye wakawa na ushirika unaoitwa SWaCH wenye makubaliano na jiji, wanavaa sare, wana vitambulisho, wanapita nyumba kwa nyumba na kaya inalipa ada ya mwezi, na kinachouzika wanauza wao. Kwa hiyo hata Kibarazani hofu yake inaisha, maana mtu ana kitambulisho na mnamjua kwa jina. Mtaa wenu mna mjumbe na mna mkandarasi wa taka, waketi na hao waokotaji waandikishane.

MamaWawili
Asanteni sana, hata wewe Kibarazani. Leo nimetenga viroba viwili, na vioo nimeviweka kwenye kopo la rangi nikafunga mfuniko. Nimeongea na mjumbe, kasema kikao kijacho atalileta hilo la kuandikishana, na majirani wanne wamekubali kutenga. Alfajiri nitakaa nje nimsubiri nimwombe msamaha wa kile kidole. Swali la mwisho mzee, makopo niyaache na kofia au nizitoe?

MzeeWaMzani
Mwaga maji yote, likanyage liwe bapa, kisha rudisha kofia. Kofia nayo ina mzani wake. La mafuta ya kula weka pembeni na umwonyeshe, asije akalibeba bure mpaka huku.