Kuchanja mbwa milimani Uluguru: kituo kimoja, nyumba kwa nyumba, au chanjo ikae kijijini?

Kilima_Juu: Wakuu, habari za majukumu. Kikosi cha kujitolea kinajiandaa kuchanja kichaa cha mbwa vijiji vya juu vya Mgeta. Nyumba zimetawanyika kwenye miteremko na gari linaishia barabara kuu. Lengo ni asilimia 70 ya mbwa. Kati ya njia hizo tatu ipi inafaa, na asiye daktari afanye kazi gani?

Ugani_Moro: Kituo kimoja ni nafuu, ila milimani hukwama. Mbwa wa kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori hajazoea kamba, na mtoto hawezi kumburuta saa nzima kupanda. Vitoto vya mbwa huachwa nyumbani kwa kudhaniwa ni vidogo mno. Kwenye kampeni huchanjwa wa umri wowote, kwa hiyo tangazo la mwenyekiti wa kitongoji lilitamke hilo waziwazi. Weka kituo Jumamosi uwanja wa shule. Siku ya gulio usijaribu, wenye mbwa wameshuka na mboga.

Sindano21: Nyumba kwa nyumba huwafikia wengi, lakini hula miguu na dozi. Chupa ya mililita 10 ni dozi 10, na ikishatobolewa itumike siku ile ile. Kitongoji chenye mbwa wanne kinakupotezea sita. Huko beba chupa za dozi moja moja.

Mililita 1 chini ya ngozi ya shingo: inua ngozi, choma, kisha papasa manyoya. Yakiwa yamelowa, sindano imetokea upande wa pili na mbwa hajachanjwa. Tikisa chupa kabla ya kuvuta. Na jamani, msiigusishe na barafu! Chanjo hii ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka. Weka kadibodi katikati.

Kilima_Juu: Asante mkuu. Na ile ya kuikalisha kijijini?

Baridi_Bila_Umeme: Inawezekana kwa chanjo iliyopimwa tu. Nobivac Rabies ilipimwa ikabaki na nguvu miezi 6 kwenye nyuzi 25 na miezi 3 kwenye nyuzi 30, na mkoani Mara wamejaribu kuihifadhi vijijini kwenye chombo cha udongo kinachopozwa na maji. Faida yake kubwa ni vitoto vinavyozaliwa baada ya kampeni kupita. Tahadhari: chombo hicho hupoza maji yake yanapogeuka mvuke, kwa hiyo upande wenye ukungu mzito hakitapoza sana. Acha kipimajoto ndani, kisomwe asubuhi na alasiri na kuandikwa daftarini. Bila mtu wa kusoma, usiache chanjo.

Ugani_Moro: Kwangu mimi, changanya. Jumamosi kituo, kila aliyechanjwa avae utepe shingoni. Kesho yake asubuhi wanaojitolea wapite njia za kijiji wakihesabu. Mkiona mbwa 40 na wenye utepe ni 22, hiyo ni asilimia 55. Pandeni nyumba kwa nyumba kitongoji hicho tu. Vitoto havizururi, hivyo viulizieni mlangoni, la sivyo hesabu itawadanganya.

Sindano21: Kazi ya asiye daktari: kuandikisha, kujaza kadi, kufunga utepe, kuhesabu. Kuchoma ni kwa mtaalamu wa mifugo au aliyefunzwa chini yake. Kushika ni kwa mwenye mbwa. Mdomo ufungwe kwa bendeji ya kama mita moja: kitanzi juu ya mdomo, vuka chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio, na ifunguliwe mara tu baada ya sindano. Paka akiletwa, afunikwe na kanga, abaki shingo nje.

Na kila anayepanda achanjwe yeye kwanza, siku ya 0 na ya 7. Aking'atwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 papo hapo, kisha ateremshwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuchanjwa awali hakumwondolei dozi za baada ya kung'atwa. Kwa hiyo, kabla ya kupanda, ulizeni kituo gani cha afya kina chanjo ya binadamu na bodaboda gani itawashusha.