Mjadala: Magadi ya Ziwa Natron yachimbwe, au Engaruka inatosha?

Wakuu, salaam. Naleta mada ambayo kila baada ya miaka michache huzimwa kisha ikafufuka: uchimbaji wa magadi soda katika Ziwa Natron. Msimamo wangu nautoa mapema. Natron isiguswe, na katazo hilo liandikwe kwenye sheria, lisibaki kauli ya kiongozi aliyeko madarakani. Magadi tunayoyahitaji yachimbwe bonde la Engaruka, Monduli, tena kwa masharti.

Kwa ambao hawakufuatilia: kati ya 2006 na 2008 kampuni ya Tata Chemicals ya India pamoja na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) walikuwa na mpango wa kiwanda cha tani 500,000 kwa mwaka kando ya ziwa. Wanamazingira wa ndani na nje wakapinga, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ikakosolewa vikali, na 2008 Tata wakajitoa. Mwaka 2011 Rais Kikwete akataka mradi uharakishwe. Baadaye NDC ikachoronga Engaruka, ikakuta hazina kubwa ya maji ya magadi chini ya ardhi, na nguvu zikahamia huko. Hata hivyo wazo la kurudi ziwani halijafa, na kila bei ya magadi inapopanda kuna anayelikumbuka.

Sasa kwa nini Natron, wakati tuna maziwa ya magadi chungu nzima kwenye Bonde la Ufa? Natron lina urefu wa kama kilomita 57 na upana wa 22, lakini kina chake hakifiki mita 3. Halina mto unaotoka. Maji yanaingia kutoka Ewaso Ng'iro ya Kusini, inayoteremka kutoka Kenya, na kutoka chemchemi za moto, kisha yanabaki pale yanakaushwa na jua. Jirani yake upande wa kusini ni Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, volkano hai pekee duniani inayotema lava yenye magadi. Wakati wa kiangazi uso wa ziwa hugeuka ganda jekundu na jeupe lililopasukapasuka, chini yake tope linalochoma ngozi. Ndipo flamingo wadogo wanapotagia. Kila jozi hujenga kichuguu cha tope juu ya ganda lile, jike anataga yai moja tu, na fisi au mbweha hawezi kuwafikia kwa sababu tope litamuunguza kabla hajafika.

Inakadiriwa takriban asilimia 75 ya flamingo wadogo wote duniani wamezaliwa hapo. Tunawaona Nakuru, Bogoria, Manyara na Momella wakila, lakini Afrika Mashariki nzima leba yao ni hiyo moja. Na wataalamu wenyewe hawakulijua hilo hadi 1954, pale Leslie Brown, afisa kilimo wa Kenya aliyekuwa mtaalamu wa ndege wa mwituni, alipoviona viota akiwa angani. Alijaribu kuvifikia kwa miguu, magadi yakamuunguza vibaya, akalazwa hospitali wiki kadhaa.

Hoja yangu kuu ni maji. Yakizidi, viota vinafunikwa. Yakipungua, ganda linakauka na kuwa njia ya wanyama wanaokula mayai. Uzazi unafanikiwa pale tu kiwango kinapokuwa sawasawa, na si kila mwaka. Kiwanda kinachovuta maji ya magadi mchana na usiku, halafu kinahitaji na maji baridi ya kusafishia, kinagusa kitu hichohicho. Nakaribisha hoja.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:

Mleta mada, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Kioo, sabuni, dawa za kusafishia, karatasi, vyote vinataka magadi. Kiwanda kikubwa cha vioo kimezinduliwa Mkuranga 2023, mchanga tunao, magadi tunaagiza nje. Kenya wanachimba Ziwa Magadi, kilomita chache kaskazini mwa Natron, tangu 1911, na flamingo bado wanaonekana pale. Botswana wanachimba Sua Pan, uwanda wao wa chumvi, tangu 1991, na Sua nako flamingo wanazaliana. Kwa nini iwe sisi tu tusioweza kufanya yote mawili? Nchi maskini haiwezi kukalia mali kwa ajili ya picha za watalii.

Mleta mada:

Mkuu, mifano yako ni mizuri, ila tuiangalie kwa karibu. Sua ni kubwa zaidi ya mara mbili ya Natron, mgodi umekaa pembe moja na unavuta maji ya magadi kutoka visimani, na flamingo wanatagia upande mwingine, tena miaka ya mvua nzuri tu. Huo ni mfano wa Engaruka: visima, mbali na viota. Ukiusoma hivyo unanisaidia mimi.

Ziwa Magadi nako flamingo wanakwenda kula, kuzaliana ni nadra sana. Mwaka 1962 Natron lilifurika, makundi makubwa yakahamia Magadi kutaga. Vifaranga walipoanza kutembea, magadi yaliganda miguuni mwao kama pingu, mpaka wakashindwa kunyanyua mguu. Watu waliingia ziwani wakawa wanavunja pingu zile kwa mkono, kifaranga mmoja baada ya mwingine, wakaokoa maelfu. Maelfu wengine walikufa. Hiyo ndiyo sehemu mbadala tuliyo nayo.

Kuhusu viwanda vyetu, tuko pamoja kabisa. Mimi sisemi tusichimbe magadi. Nasema tusichimbe pale.

Mchangiaji wa Ngaresero:

Mimi nimezaliwa hapa chini ya mlima Lengai. Mnaongea ndege na viwanda, nani kati yenu ameuliza ng'ombe watakunywa wapi? Maji baridi hapa ni mito michache inayoshuka kutoka kwenye kingo za bonde. Kiangazi tunagawana na mifugo ya vijiji vya mbali. Kiwanda kikija, kitakunywa kwenye mito hiyohiyo, kwa sababu maji ya ziwa hayapikiki wala hayanyweki.

Nakubaliana na mleta mada, ila kwa sababu yangu. Wageni wanakuja kupanda Lengai, kuona maporomoko, kuona nyayo. Vijana wanaongoza wageni, akina mama wanauza shanga. Si fedha nyingi, lakini zinafika nyumbani. Wanaotetea ndege nao wajue kwamba tukizuiwa malisho kwa jina la uhifadhi, kwetu halina tofauti na mgodi.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hilo la malisho nalichukua kwa uzito wote. Wafugaji wamekaa na ziwa hili vizazi na vizazi na flamingo hawajapungua kwa ajili yao. Sheria ninayoidai ni ya kuzuia mitambo, isije ikatumika kumfukuza mwenye ng'ombe.

Na umenikumbusha nyayo. Engare Sero, yaani Ngaresero kwenu, kusini mwa ziwa, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Wenyeji ndio waliozionyesha kwa watafiti. Umri wake umekadiriwa kati ya takriban miaka elfu 6 na elfu 19. Utafiti uliochapishwa 2020 ulichambua kundi la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja, wengi wao wanawake, pengine walikuwa wakitafuta chakula kama wanavyofanya wanawake wa jamii za wawindaji hadi leo. Malori ya mgodi yakipita barabara ile kila siku, sijui nani atazilinda.

Mchangiaji wa Kajiado:

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Ndugu zetu Watanzania, msisahau kwamba mto unaolisha Natron unatoka kwetu. Msitu wa Mau ukiendelea kukatwa, Ewaso Ng'iro italeta tope badala ya maji. Kumekuwa pia na mipango ya mabwawa ya umeme kwenye mto huohuo. Mnaweza kuzuia kiwanda na bado ziwa likaharibika kutokea Narok. Serikali zenu na zetu zimeketi lini kuzungumza juu ya bonde hili moja?

Mchangiaji wa Mwanza:

Naongezea hapo. Utafiti ulioongozwa na watu wa King's College London, ukachapishwa 2024, ulitumia picha za satelaiti za zaidi ya miaka 20 kuangalia maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki. Maji yanapanda, magadi yanazimuliwa, na mwani ambao flamingo wanakula unapungua. Nakuru limepanuka karibu maradufu tangu 2009. Kwa hiyo malishoni kwao kumeshaanza kuharibika kabla hata ya mgodi.

Mleta mada:

Na ndiyo sababu sikubali kubahatisha na mahali wanapozaliwa. Malisho wanaweza kuhama, wana mabawa. Wakikosa Nakuru watajaribu kwingine. Natron hawana wanapohamia. Wa Kajiado umesema kweli, sheria ya upande mmoja haitoshi. Natron limo kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, tangu 2001, lakini Ramsar haikatazi kuchimba, inataka matumizi ya busara tu, na busara hiyo kila mwekezaji anaitafsiri anavyotaka. Mkataba wa bonde zima kati ya nchi mbili, wenye kiwango cha chini cha maji ya mto kisichoruhusiwa kuvukwa, ungekuwa na nguvu zaidi.

Sasa masharti ya Engaruka, maana sitaki tuhamishie tatizo kwa jirani. Kwanza, uhusiano wa maji ya chini kati ya Engaruka na maeneo ya jirani upimwe na ripoti iwekwe wazi kwa Kiswahili, wanavijiji waisome wenyewe. Pili, mji wa kale wa Engaruka na mifereji yake ya umwagiliaji ya mawe, iliyotumika kuanzia karne ya 15 hivi, uzungushiwe mipaka kabla ya katapila la kwanza kufika. Wale waliokuwa wakilima pale walitegemea mto mdogo unaoteremka kutoka nyanda za Ngorongoro, na mto huo ndio unaonywesha mashamba ya leo. Tatu, fidia ilipwe kabla ya kazi kuanza, na sehemu ya mrabaha irudi vijijini kwa kiasi kinachojulikana.

Wa Engaruka, Selela na Mto wa Mbu mliomo humu, naomba mjibu ninyi sasa: mto wenu kiangazi unabaki na maji kiasi gani, na katika mikutano ya mradi mliyohudhuria, suala la maji baridi ya kiwanda lilijibiwaje?